Kichina cha Jinhua: Cha Darasani na cha Watu

Vijana wanaotaka kwenda China kusoma lugha huniuliza maswali yanayofanana: ufadhili unaombwaje, baridi ikoje, chakula kinalika, na je, mtu akikaa huko mwaka mmoja atarudi anazungumza? Maswali matatu ya mwanzo yana majibu mepesi. La nne ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu jibu lake la kweli haliwapendezi wengi. Inawezekana kabisa kuishi China miaka mitatu au minne, ukala, ukasafiri, ukahitimu na kurudi nyumbani na shahada yako, bila kuweza kuzungumza na mama muuza mboga kwa dakika tano. Nimewaona watu wa namna hiyo, na si wavivu hata kidogo. Wanasoma udaktari au uhandisi kwa Kiingereza, wanaishi katika hosteli ya wageni, wananunua kila kitu kwa simu, na hakuna siku inayowalazimu kufungua kinywa kwa Kichina.

Ninachoamini, baada ya mwaka wangu wa masomo mjini Jinhua, ni kwamba darasa humpa mgeni kanuni na msamiati, lakini ulimi hufunguka pale anapokuwa na deni kwa mtu: mtu anayemtegemea, anayemsubiri, au atakayepata hasara wasipoelewana. Mengi nitakayoyaeleza hapa yanatokana na imani hiyo.

Nilianza Kichina nikiwa mwanafunzi wa ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Confucius iliyoanzishwa hapo mwaka 2013 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Zhejiang Normal. Chuo hicho kiko Jinhua, katika jimbo la Zhejiang, mashariki mwa China, na ndiyo sababu wengi wetu tuliopitia taasisi hiyo tunaujua mji ambao Watanzania wengine hawajawahi kuusikia. Nilifanya mtihani wa HSK, wa kupima Kichina cha wageni, ambao katika mpangilio wake wa ngazi sita hudai maneno 600 kwa ngazi ya tatu, 1,200 kwa ya nne na 2,500 kwa ya tano, kisha nikaomba ufadhili wa mwaka mmoja unaolipia ada, bweni na bima na kutoa posho ya kila mwezi. Yaliyobaki yalikuwa mambo ya karatasi: barua ya udahili, uchunguzi wa afya wenye eksirei ya kifua na vipimo vya damu, viza ya X1 kwa masomo yanayozidi siku 180, kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 baada ya kufika, na kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Anayeheshimu tarehe hayamsumbui.

Jinhua ni mji wa wastani uliozungukwa na vilima, na treni ya mwendokasi huufikia kutoka Hangzhou kwa muda wa saa moja hivi. Nilifika mwezi wa Septemba, wakati wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wa kike kwa wa kiume, wanafanya gwaride la mafunzo ya kijeshi juani, na wiki chache baadaye miti ya guihua ilichanua na harufu yake ikajaa chuo kizima. Kuhusu baridi, ambayo nimeulizwa mara nyingi, jambo la kujua ni kwamba China imegawanywa na mstari wa milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini ya mstari huo majengo hupashwa joto kwa mabomba yanayoendeshwa na mji mzima. Kusini yake hakuna mabomba hayo. Jinhua iko kusini. Kipimajoto hakishuki sana chini ya sifuri, lakini hewa ina unyevu, na ubaridi wa nje ndio huo huo wa ndani, hivyo mwezi wa Januari tuliandika tukiwa tumevaa makoti darasani na kukumbatia chupa za maji ya moto. Kwa mtu aliyekulia Tanga, hilo ni jambo la kujiandaa nalo mwilini na moyoni, na kuomba chuo cha kusini kwa kuikimbia baridi ya Beijing si hesabu nzuri kama inavyodhaniwa.

Vipindi vilianza saa mbili asubuhi, na karibu kila siku vilianza kwa imla. Mwalimu husoma neno, wanafunzi huliandika kwa herufi za Kichina, na daftari hukusanywa. Nilipokuwa Dar es Salaam nilizikariri herufi kama picha, na nilizisahau kwa kasi ileile niliyozikariri. Jinhua ndiko nilikoelewa kwamba sehemu kubwa ya herufi hizo zimeundwa kwa vipande viwili, kimoja kikidokeza maana na kingine kikidokeza sauti: alama ya maji, kwa mfano, hukaa upande wa kushoto wa herufi za mto, ziwa na bahari, na kipande cha upande wa kulia huonyesha kwa kukaribia tu jinsi ya kutamka. Aliyeviona vipande hivyo hana tena haja ya kukariri mistari kumi na miwili isiyohusiana. Ningependa mwanafunzi yeyote anayeanza aambiwe hivyo wiki ya kwanza, tena kwa msisitizo.

Kichina sanifu kina toni nne, pamoja na silabi nyepesi isiyo na toni yake, na kila kitabu cha wanaoanza hulisema hilo mapema. Lisilosemwa, kwa kuwa vitabu hivyo havikuandikwa kwa ajili yetu, ni namna toni zinavyogongana na mazoea ya msemaji wa Kiswahili. Sisi twaweza kuuliza swali kwa kupandisha sauti tu: mtu akisema «umekula», ni sauti inayotuambia kama anaeleza au anauliza. Basi Mswahili anapouliza kwa Kichina hupandisha silabi ya mwisho bila kujijua, na kwa kuipandisha huigeuza toni yake, na pengine hugeuza neno zima. Mwalimu wetu wa mazungumzo, mama wa makamo mwenye subira ya pekee, alitufundisha kuiachia kazi ya kuuliza ile chembe ya swali inayokaa mwishoni mwa sentensi, na kuituliza sauti. Lilikuwa zoezi la muhula mzima. Upande mwingine tuna bahati, kwa maana silabi za Kichina karibu zote huishia kwa irabu au kwa sauti ya puani, jambo lisilomtisha aliyelelewa na Kiswahili. Na ile tofauti ya «p» yenye pumzi na isiyo na pumzi, inayowatesa wanafunzi wa mataifa mengi, wazee wetu wa pwani wanayo hadi leo wanapomtenga paa wa porini na paa la nyumba.

Sarufi nayo ilinishangaza. Kitenzi cha Kichina hakibebi nafsi, wala njeo, wala kauli ya kutendwa. Hubaki vilevile, na kazi yote ambayo kwetu hufanywa na viambishi hufanywa na mpangilio wa maneno pamoja na chembe chache fupi. Nilizoea lugha ambayo inaniruhusu kulisogeza neno huku na huku na bado nikaeleweka, kwa kuwa upatanisho unaonyesha nani katenda nini. Kule ukilisogeza neno, maana inaondoka nalo. Lakini kuna mahali ambapo Mswahili huingia kama mwenyeji. Wachina hawahesabu kitu bila neno la kipimo linalokifaa: «ben» kwa vitabu, «zhang» kwa vitu bapa kama karatasi, meza na tiketi, «tiao» kwa vitu virefu vinavyopinda kama mto, samaki na suruali, «zhi» kwa wanyama wengi. Wanafunzi wenzangu kutoka mabara mengine waliyaona maneno hayo kuwa mzigo usio na sababu. Mimi niliona ngeli. Lugha inayogawa vitu kwa umbo na kwa aina nimeizungumza tangu utotoni, nami niliyapokea maneno hayo kwa njia ileile ambayo mtoto wa Tanga hupokea ngeli, yaani kwa kuyasikia yakiwa yamefuatana na majina yake mpaka jozi isiyo sahihi ikaanza kulikera sikio.

Hayo ndiyo ya darasani, na nayaheshimu. Hata hivyo, saa sita mchana darasa lilikwisha, Wachina wakaenda kula na kulala usingizi wao wa mchana, nasi tukarudi hosteli ya wageni. Humo kulikuwa na Watanzania, Wakenya, Warundi na Wakongo wa kutosha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya ngazi na ya jikoni, na waliobaki tuliunganishwa nao na Kiingereza au Kifaransa. Maisha hayo yalikuwa na raha ya kweli: pilau ya Idi iliyopikwa kwa binzari iliyoletwa na mtu kutoka nyumbani, kusukana nywele Jumapili, na mtu wa kukuuguza unapoumwa. Siwezi kumwambia mwanafunzi ayaache. Lakini ukiyaongezea malipo ya WeChat na Alipay, ambayo mnunuzi huelekeza kamera ya simu kwenye msimbo uliobandikwa ukutani na biashara ikaisha bila neno, unapata siku nzima ndani ya China isiyo na Kichina. Juma likipita hivyo, na mwezi, mwanafunzi hujikuta anaishi kwa salamu tatu na namba ya chumba chake.

Mlango wangu wa kutokea ulikuwa mgahawa wa tambi. Nyuma ya chuo palikuwa na familia ya Wahui, Waislamu wa Kichina, waliotoka jimbo la Qinghai, mbali sana upande wa magharibi. Migahawa kama wao iko karibu katika kila mji wa China, na hutambulika kwa maandishi yanayotangaza kuwa chakula ni halali, ya Kichina na, hasa miaka ya nyuma, ya Kiarabu pia. Baba alivuta tambi kwa mikono mbele ya wateja, mama alipokea pesa na kugawa supu ya nyama ya ng'ombe, na kwenye meza ya pembeni mtoto wao wa kiume wa darasa la tatu alifanya kazi za shule. Niliingia na «assalamu alaykum», nikaitikiwa kwa furaha, na kuanzia hapo nikawa mteja wa kila jioni.

Shule za msingi za China humpa mtoto kazi nyingi za nyumbani, na kwa desturi mzazi hutakiwa kumsikiliza mtoto anaposoma, kumsomea imla, kisha kutia sahihi. Mama yule hakuwa na nafasi wakati wa wateja, na aliniambia wazi kwamba yeye mwenyewe hakusoma sana. Jioni moja aliniomba nimsomee mtoto maneno ya imla. Mtoto akaniita «jiejie», yaani dada mkubwa, na ikawa ndiyo kazi yangu.

Sijui shule iliyonifundisha toni vizuri kuliko meza ile. Darasani nikitamka vibaya, mwalimu hunisahihisha na tunaendelea. Pale, nikitamka vibaya, mtoto aliandika herufi nyingine, na kesho yake alama zilikatwa zake, si zangu. Alikuwa ananisimamisha: «Dada, ni toni ya pili au ya nne?» Hivyo nilianza kupitia kurasa zake usiku wa kuamkia, nikiyasoma maneno kwa sauti chumbani mpaka nimeridhika, na nilifanya hivyo kwa bidii ambayo sikuwahi kuitoa kwa mtihani wangu mwenyewe. Kwa kuwa Kiingereza huanza darasa la tatu katika shule nyingi za kule, nami nilimsaidia somo hilo, na katika kumwelezea Kiingereza kwa Kichina nililazimika kuwa na maneno ya kueleza, ambayo ni hatua tofauti kabisa na maneno ya kuomba na kununua. Mama yake naye alipopata nafasi alikaa nasi, akanisimulia kuhusu kodi ya chumba cha biashara, unga uliopanda bei, na taabu ya familia iliyoandikishwa Qinghai kumtafutia mtoto nafasi ya shule Zhejiang. Vitabu vyangu vya lugha havikuwa na masuala hayo. Nchi niliyokuwa nikiishi ilianza kuwa na watu wenye matatizo yanayojulikana, na Kichina kikaacha kuwa somo.

Mwenzangu wa kubadilishana lugha, msichana aliyesomea ualimu wa Kichina na kutaka mazoezi ya Kiingereza, alinialika kwao kwa Sikukuu ya Majira ya Machipuko, ambayo wengi wetu huiita Mwaka Mpya wa Kichina. Msimu huo nchi nzima huwa safarini, tiketi za treni huisha mapema, na hosteli ya chuo huwa tupu na maduka ya jirani yamefungwa, kwa hiyo kualikwa ni fadhila kubwa kwa mgeni. Kwao ni kijiji cha milimani nje ya mji. Nilikwenda nikiwa na wasiwasi mmoja tu: Jinhua inasifika kote China kwa paja la nguruwe la kukausha, na hakuna nyumba isiyoning'iniza moja wakati wa sikukuu, nami sili nguruwe. Mwenzangu alikuwa amekwisha waeleza. Bibi yake alikuwa amenunua kikaango kipya kwa ajili yangu, akanipikia samaki, mayai, tofu na mboga za shambani kwake, na vyombo vyangu viliwekwa peke yake muda wote niliokaa. Sikuwa nimemwomba yeyote afanye hivyo. Nasimulia jambo hili kila ninaposikia ikisemwa kwamba Mwislamu hawezi kuishi na Wachina vijijini.

Pale kijijini ndipo nilipogundua kwamba Kichina changu hakikufika kwa bibi yule. Yeye huzungumza lugha ya Jinhua, tawi la jamii ya lahaja za Kichina iitwayo Kiwu, ambayo mtu wa Beijing haielewi, na Kichina sanifu alikisikia kwenye televisheni zaidi ya kukisema. Mjukuu wake alitafsiri. Mtanzania anaielewa hali hii mara moja, kwa kuwa wengi wetu tuna bibi wa Kisambaa, Kidigo au Kibondei ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya ofisini na ya wageni. Familia ya mgahawani nayo ilikuwa na lafudhi yake ya Qinghai. Basi wale niliowadhani wote kuwa wenyeji wa lugha ninayojifunza, wengi wao walijifunza nao, shuleni, na baadhi yao kwa jasho. Na tangu nilipolijua hilo sikuogopa tena kuzungumza mbele yao.

Adabu za mezani zilinifariji. Kitu hupokewa na kutolewa kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa. Mkubwa hukalishwa mahali panapoelekea mlango na huanza kula kwanza. Mwenyeji humwekea mgeni chakula kwenye bakuli lake mara kwa mara, na mgeni husukuma zawadi kidogo kabla ya kuipokea. Walipoinua vikombe vya pombe, niliinua chai, na hakuna aliyekwazika, kwa kuwa wana desturi inayotambulika ya kushika chai mahali pa pombe. Lililotakiwa ni kwamba ukingo wa kikombe changu uwe chini ya ule wa mzee ninayegonganisha naye. Wanawake waliniuliza umri wangu, mshahara wa mwalimu kwetu, na kama nina mchumba, maswali ambayo shangazi zangu wangeuliza kwa mpangilio huohuo. Kilichonitatiza mwanzo ni salamu. Sisi hatuanzi shughuli bila kujuliana hali, za nyumbani na za watoto; kule muuzaji huuliza unataka nini na hamaanishi ubaya. Ilinibidi nijifunze kuusoma wema wao mahali pengine, katika kumenyewa chungwa, katika kujaziwa maji ya moto, katika kuambiwa uvae zaidi kwa kuwa kuna baridi.

Kuna jambo gumu ambalo sitaki kulipunguza. Mtu mweusi katika mji wa wastani hutazamwa. Nilipigwa picha kwenye basi bila kuombwa, nywele zangu ziliguswa na watu nisiowajua, na niliwahi kusikia maneno juu ya ngozi yangu kutoka kwa watu walioamini sielewi. Udadisi mwingi ulikuwa safi, na mwingine haukuwa. Lugha ilinisaidia hapa kuliko popote: nilikuwa na sentensi yangu ya upole na iliyo wazi, kwamba ukitaka picha uniombe, na mara nyingi simu ilishushwa na mazungumzo yakaanza, mtu akataka kujua Tanzania iko wapi. Yalipokuwa matusi, niliyajibu kwa Kichina kwa sauti ya kawaida kisha nikashuka kituo changu. Mwanafunzi anayekwenda huko anastahili kuambiwa haya kabla ya kupanda ndege.

Ujuzi wangu ulipimwa kwa ukali Yiwu, mji ulio chini ya eneo la Jinhua, ambao kwa treni ni chini ya nusu saa. Hapo pana soko la jumla lenye maduka zaidi ya 70,000, na mfanyabiashara wa Kariakoo analijua pengine kuliko anavyoijua Beijing. Kiswahili husikika kwenye korido zake. Shangazi yangu alikuja kuagiza vyombo vya jikoni akaniomba nifuatane naye. Nisisitize hapa kwamba viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya malipo bila idhini ya chuo na ya idara ya uhamiaji, na wanafunzi wanaofanya ukalimani wa kulipwa kimyakimya huhatarisha masomo yao. Mimi nilikwenda kama mpwa.

Ukalimani wa biashara ulinionyesha ni wapi lugha mbili zinaweza kumtia mtu hasara. Wachina huhesabu kwa «wan», yaani elfu kumi, na sisi tuna elfu na laki. Muuzaji akisema «wan kumi na tano», kichwa lazima kiseme laki moja na nusu papo hapo, maana shangazi anasubiri, anashika kikokotoo, na pesa ni za mkopo wa kikundi chake. Saa nayo ni mtego. Saa ya Kichina huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, ya kwetu kuanzia mapambazuko, hivyo «saa mbili» ya shangazi ni saa nane ya Mchina, na lori la kiwandani halisubiri anayekuja saa sita baadaye. Kisha kuna sampuli, idadi ya chini ya oda, ukubwa wa katoni, ujazo wa mzigo ndani ya kontena, advansi ya kuanza kutengeneza na salio kabla ya kupakia. Niliandika kila kiasi kwenye karatasi kwa tarakimu, nikamwonyesha muuzaji, nikamwonyesha shangazi, kabla ya kutamka lolote. Tulipotoka jioni sauti yangu ilikuwa imekauka, lakini kila neno la biashara nililolijua siku ile ninalo hadi leo, nami sikulikariri hata moja.

Karibu na mwisho wa mwaka, katika mvua za mwezi wa Juni zinazootesha ukungu kwenye nguo kabatini, nilisafiri hadi Longquan, katika eneo jirani la Lishui. Ufinyanzi wa kauri ya kijani ya Longquan uliingizwa na UNESCO katika urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2009, na tanuri zake zilifikia kilele enzi za koo za kifalme za Song na Yuan. Nilikwenda kwa sababu yetu wenyewe. Vigae vya kauri hiyo vimechimbuliwa Kilwa Kisiwani na Gedi. Na kule Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, nilipelekwa na shule nikiwa mdogo nikaona makaburi ya nguzo yenye vishimo ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Fundi mmoja wa Longquan, mzee, aliponiuliza natoka wapi, nilimweleza kuhusu Kilwa: kwamba vyombo vya mji wake vilivuka bahari na kuliwa wali na waungwana wetu karne nyingi kabla ya babu zangu. Aliuliza vilifikaje, kwa meli ya nani, vilinunuliwa kwa nini, na nilijikuta naeleza pepo za kaskazi na kusi, dhahabu na pembe, kwa Kichina, kwa muda mrefu, kwa mtu aliyetaka kweli kujua. Hayo ndiyo mazungumzo niliyoyavuka maji kuyatafuta.

Kwa wanaoomba sasa, nawashauri hivi. Fikeni angalau ngazi ya tatu ya HSK kabla ya kuondoka, kwa kuwa anayeanza na «ni hao» huutumia mwaka wake wote kufika pale ambapo mazungumzo yanaanza. Pendeleeni miji ya wastani kuliko Shanghai, ambako kijana wa dukani atakujibu kwa Kiingereza. Ombeni ufadhili moja kwa moja kupitia taasisi za Confucius, ubalozi au chuo chenyewe. Wakala anayedai pesa ili «akuhakikishie nafasi» hana nafasi ya kuuza. Na mkishafika, ndani ya mwezi wa kwanza tafuteni kazi ndogo isiyo ya malipo ambayo mtu mwingine atakwama msipoifanya: mtoto wa kusikilizwa, mzee wa kusindikizwa sokoni, timu ya mpira ya kitivo inayohitaji golikipa.

Mimi sasa nafundisha Kichina shule ya sekondari, na nimelijaribu jambo hili bila kuvuka bahari. Wanafunzi wangu wameunganishwa na darasa moja la Zhejiang, na kila mmoja ana mwenzake anayesubiri jibu lake, kwa maandishi na kwa sauti. Muhula huu wenzao wameuliza kuhusu mkonge, ambao hawajawahi kuuona, kwa hiyo kidato cha pili wanaandika hatua zake zote, kuanzia kukata jani shambani, kulisaga kwenye korona, yaani mashine ya kutenga nyuzi, kuanika nyuzi na kuzipiga brashi, hadi kamba inayouzwa mjini. Maneno mengi ya kazi hiyo hayamo katika kitabu chao cha kiada, na wanabishana kila kipindi kuhusu neno la kipimo linaloufaa uzi wa mkonge. Maelezo yanatumwa Ijumaa.